Picha zenu zirudi Tandika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kuhusu maonyesho ya picha na video fupi yaliyofanyika hapa mjini. Kwa waliopitwa na barua yake: aliingia ukumbini akakuta ukutani video ya mwanamke anafua kanga. Hakuna maneno, hakuna hadithi, dakika nne kanga inasuuzwa na kukamuliwa, ikiisha inaanza upya. Akauliza hiyo ni sanaa gani, wakati mwanawe wa darasa la sita akipewa simu anaitengeneza kabla uji haujapoa. Akamaliza kwa kusema sanaa yetu Watanzania ni Tingatinga na vinyago vya Kimakonde. Haya mengine ni ya wazungu wa balozini.

Hiyo video ya kanga sijaiona, kwa hiyo siitetei. Inawezekana ni mbovu. Video mbovu zipo tele, na vijana wanaozitengeneza wanalijua hilo kuliko sisi. Ninachokataa ni hilo la kwamba kuchezea picha ni ugeni kwetu. Mimi picha ndiyo iliyonilisha na kusomesha watoto wangu. Nilianza 1983, kijana wa kuosha picha kwenye studio moja Temeke, mwaka ule wa wahujumu uchumi ambapo karatasi ya picha ilikuwa adimu kuliko sukari. Baadaye nikafungua ya kwangu Tandika, mpaka simu zilipotufungisha. Sasa hivi chumba kilekile ni kibanda umiza: mpira, muvi zilizotafsiriwa, na meza moja pembeni ya pasipoti saizi kwa wenye haraka.

Nimweleze basi ndugu yangu studio ya uswahilini ilikuwa inafanya nini. Pazia letu la nyuma alilichora fundi mmoja wa mabango. Aliweka ndege ya ATC imetua, mlango wazi, ngazi imeshushwa. Mteja anakuja na kandambili, tunamwazima viatu, koti na begi la mkononi, anasimama mbele ya ile ngazi, mguu mmoja mbele, na picha inakwenda kijijini. Kule wote walijua hajapanda ndege. Na yeye alijua kwamba wanajua. Picha iliwekwa fremu ikatundikwa sebuleni vilevile, na mgeni akifika anaonyeshwa.

Halafu kulikuwa na picha ya pacha. Mtu mmoja anatokea mara mbili: kushoto ameketi, kulia amesimama anajitazama mwenyewe. Kompyuta hatukuwa nayo. Unaifunga kamera kwenye stendi isitikisike hata mlango ukifunguliwa, unakata kadi nyeusi, unaziba nusu ya lenzi, unampiga ameketi. Filamu huisogezi. Unahamisha kadi upande wa pili, mteja naye anahama, unapiga tena juu ya fremu ileile. Kazi yote iko kwenye ule mpaka wa katikati. Kadi ikikaa mbali na kioo, mpaka unatoka mkali na picha inaonekana imekatwa kwa mkasi. Ikisogezwa karibu kabisa na kioo, mpaka unayeyuka na hakuna anayejua ulipopita. Mteja naye unamkanya asinyooshe mkono kuvuka katikati, maana atatoka bila vidole. Picha hiyo tuliiuza bei ya juu kuliko ya kawaida na watu waliipanga foleni sikukuu ya Idi. Hawakuwa wasomi wa Upanga. Walikuwa makondakta, wauza mitumba, mabinti waliotoka kumaliza darasa la saba. Leo kijana akifanya hivyo kwa kamera ya video anaambiwa anaiga wazungu.

Na hao Tingatinga anaowataja. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, akiuza chini ya mti pale Oysterbay, Morogoro Stores. Akafariki 1972. Hakuna babu wa mtu aliyekuwa akichora chui wa madoadoa kwa rangi ya baiskeli kabla yake. Vinyago vya shetani navyo, vile vya macho yaliyotoka na midomo iliyopinda, ni mtindo wa miaka ya 1950. Vilikuwa vipya, watu wakavizoea, sasa tunaviita vya asili. Nasubiri miaka mingine hamsini, Mungu akinipa umri, nisikie video ya kanga inaitwaje.

Hilo la wazungu nalo lina mushkeli. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuichezea televisheni kama sanaa ni Nam June Paik, Mkorea. Mwaka 1963, katika mji wa Wuppertal, Ujerumani, alipanga televisheni chumbani akaziharibu picha zake kwa makusudi. Nyingine ilibaki na mstari mmoja tu wa mwanga. Nilimsimulia fundi TV wa jirani hapa. Akasema angeletewa hiyo yenye mstari angeomba elfu thelathini, na kesho yake ingekuwa inaonyesha taarifa ya habari.

Kuhusu mtoto na simu, ni kweli, kamera ya simu yake ni nzuri kuliko zote nilizowahi kumiliki. Lakini tazama mtoto mwingine alifanya nini na kamera. Samuel Fosso alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, 1975 akiwa na miaka 13. Wateja wakishaondoka, zile fremu zilizobaki mwisho wa filamu alijipiga mwenyewe: suruali pana chini, viatu vya kisigino kirefu, miwani mikubwa, kila siku mtu tofauti. Nyingine alimtumia bibi yake Nigeria ajue mjukuu yu mzima. Kila aliyefanya kazi ya studio anazijua fremu hizo. Mimi zangu nilikuwa napiga paka na saa ya ukutani ili filamu iishe niioshe, mteja wa asubuhi asisubiri. Za Fosso zilitundikwa Bamako, Mali, 1994, walipoanzisha maonyesho yao makubwa ya picha za Afrika, na toka hapo amezunguka dunia nazo. Bamako hiyohiyo ndiko alikotoka Malick Sidibé, fundi wa kamera mbovu na mpiga picha wa madansi ya vijana, ambaye 2007 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Hakuna mpiga picha aliyewahi kupewa Simba huyo kabla yake. (Wana Yanga mnisamehe, ndivyo tuzo inavyoitwa.)

Wala sihitaji kuvuka mipaka. Nenda Unguja, Mji Mkongwe, ukaulize Capital Art Studio, duka la picha la ukoo wa Oza lililoanza 1930. Utaona watu walivyokuwa wanajipenda mbele ya kamera. Na katika wa leo, Rehema Chachage wa hapahapa Dar amekuwa akitengeneza video, picha na sauti akishirikiana na mama yake mzazi, akirudi nyuma mpaka kwa bibi zake kutafuta wanawake wa ukoo walipitishana nini. Sijui ndugu yangu atasema hayo ni mambo ya ubalozi gani.

Lakini barua yake nimeisoma mara ya pili, na kuna kitu nimekiona ndani yake. Huyu bwana alikwenda. Alitumia nauli, akasimama dakika nne mbele ya ukuta, akatoka na hasira, na hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Ndiyo maana akaandika gazetini. Hapo niko naye bega kwa bega.

Nami nilikwenda kwenye maonyesho mengine, kituo kimoja cha utamaduni ambacho sitakitaja. Kutoka Tandika ni daladala mbili. Mlinzi wa getini aliniuliza mzigo ninaoleta ni wa nani. Ndani video ilikuwa kwenye korido, kioo kidogo, headfoni moja ya waya mfupi mpaka uiname, pa kukaa hakuna, na dirisha la upande wa pili linapiga mwanga juu ya kioo, nikawa najiona mwenyewe na kipara changu. Karatasi ya maelezo Kiingereza tupu. Saa kumi na moja wanafunga, muda ambao mtu wa kazi ndiyo kwanza anatafuta gari. Kazi yenyewe, nilipofanikiwa kuiona, ilikuwa nzuri: mama anachambua mchele kwenye ungo, kamera iko juu kabisa, mikono tu na mchele, na kila anapotupa chuya unasikia kama mtu anagonga mlango kwa mbali. Aliyeitengeneza ni kijana wa Vingunguti, alikuwepo siku hiyo. Nikamuuliza, huyo ni nani? Akasema, "Mama yangu, baba." Mama ameiona? "Kwenye simu, kidogo. Bando likaisha."

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Picha zinapigwa Vingunguti, Manzese, Mbagala na kwetu huku; zinakwenda kuangaliwa Upanga, Masaki, na Ulaya. Aliyemo ndani ya picha ndiye wa mwisho kuiona, kama ataiona. Siwalaumu wanaotoa nafasi. Nafasi Art Space wako Mikocheni tangu 2008, wametengeneza vyumba vya kazi ndani ya makontena, na vijana wengi wa picha na video wasingekuwa na pa kufanyia kazi bila mahali kama pale. Ila Mikocheni ni Mikocheni, na mama wa Vingunguti ana biashara asubuhi na jioni.

Vibanda umiza, kwa upande mwingine, viko kila mtaa. Vina giza, mabenchi, projekta, spika zinazotikisa mabati, na watu ambao tayari wamekwishajua kuangalia. Tusisahau tulikotoka. Zanzibar walianza televisheni 1973, tena ya rangi. Sisi Bara tulisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo watu wa umri wangu tulijifunza kuangalia picha zinazotembea tukiwa wengi na kwa kiingilio: majumba ya sinema ya Empire, Avalon, Drive-In kule njia ya Msasani, halafu vyumba vya video, mpaka hivi vibanda. Na humo ndimo alimopatikana DJ, mtu anayeshika maiki na kuitafsiri muvi huku inakwenda. Lufufu ndiye aliyelikuza jina la kazi hiyo. Wapo wanaokumbuka sauti yake na wamewasahau waigizaji wote. DJ mzuri hatafsiri maneno tu. Anamtania adui, anamwonya shujaa ageuke nyuma, anatukumbusha kwamba huyu mwenye kovu ndiye aliyemuua baba mwanzoni. Kuna kundi la hapa Dar, Ajabu Ajabu, waliotengeneza filamu fupi kuhusu watu wanaoipeleka sinema mitaani, DJ akiwemo. Hao wameelewa.

Mwaka jana vijana wanne walikuja kwangu na flashi, wakaomba usiku mmoja. Nikawapa Jumatatu, hakuna mpira. Kiingilio nikashusha kutoka buku hadi jero. Nilidhani watakuja watoto. Wakaja walewale wa Simba na Yanga, na akina mama wa genge la mbele, ambao kwa kawaida mlango wa kibanda hawaugusi.

Ya kwanza ilipigwa kituo cha mwendokasi Gerezani, kamera imewekwa chini usawa wa kifundo cha mguu. Dakika tatu viatu tu. Nilikuwa na wasiwasi. Haikupita nusu dakika wakaanza kubashiri: huyo mwalimu, huyo kaazima, huyo kavuka na pantoni, ona mchanga. Fundi viatu wetu akasimama kabisa akawa anatoa hukumu kwa kila soli inayopita, na moja akaapa ameishona yeye. Kuna kiatu kimoja cha kike kilisimama muda mrefu, kikapiga hatua mbili, kikarudi, basi likaondoka. Kibanda kizima kikamwonea huruma mtu ambaye hawakuwahi kumwona sura.

Ya pili haikuwa video hasa. Binti mmoja alikusanya picha zote za bibi yake za kwenye vitambulisho, kadi ya chama, kadi ya kliniki, kadi ya mpiga kura, akazipiga upya na kuzikuza ukuta mzima, moja moja, kila moja inakaa mpaka unachoka nayo. Bibi anazeeka mbele yako, kila mara akitazama mbele kama alivyoamriwa na mpiga picha. Kwenye ile ya ujana nikaona vistari vidogo shavuni, vimepangwa kwa uangalifu. Ni penseli. Kuna mtu aliikalia ile negativu, filamu iliyooshwa ambayo picha hutolewa kwayo, na penseli iliyochongwa kali, akamfuta bibi makovu ya ndui. Tulikuwa tunafanya hivyo wote, na kwenye picha ya pasipoti hakuna jicho linaloweza kugundua. Ilibidi ikuzwe ukubwa wa mlango ndipo mkono wa fundi yule uonekane. Nikasimamisha onyesho nikawaeleza watu. Binti mwenyewe alikuwa hajui. Alidhani ni mikwaruzo ya umri.

Ya tatu ilileta ugomvi. Nyumba ya bonde la Msimbazi baada ya mafuriko. Maji yamefika dirishani, TV iko ukutani, beseni la bluu linazunguka chumbani polepole, linagonga kabati, linageuka, linarudi. Hakuna neno. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "DJ, tafsiri!" DJ wetu hajui kukataa, akashika maiki: "Hapa, waheshimiwa, mwenye nyumba amekimbilia Mabwepande, TV kaiacha ilinde geti." Kicheko. Mama mmoja muuza karanga akamkatisha, "Acha uongo, waliopelekwa Mabwepande ni wale wa 2011. Tazama hicho king'amuzi juu ya TV. 2011 tulikuwa na antena." Watu wakanyamaza kukitazama king'amuzi. Mwingine akasema hapo si Jangwani, ni Kigogo. Mwingine akasema hao walishaambiwa wahame. Mama wa karanga akamgeukia, wahamie kwako? DJ akaona mambo yamemzidi, akaitoa maiki, ikawa inapita mkono kwa mkono. Video ilikuwa imekwisha zamani. Wakataka irudiwe, na iliporudiwa hakuna aliyemwachia DJ nafasi, kila mtu ana neno juu ya lile beseni.

Aliyeitengeneza alikuwa amekaa chini karibu na spika. Mwanzo uso ulimkunjika, na nilimwelewa, kazi yake aliitaka kimya na mtu anaitania. Mara ya pili nikaona amewasha simu ananasa sauti. Baadaye aliniambia ameichanganya video na ile sauti ya kibanda, mabishano yote na kikohozi cha mzee mmoja, na sasa hataki kuionyesha bila hiyo.

Ya nne ilikuwa mbovu. Rangi zinacheza, muziki unakwaruza, dakika kumi na moja. Watu walitoka kukojoa hawakurudi. Mmoja alidai jero yake, nikamrudishia.

Kuna hili pia la wapiga picha. Vijana wanakwenda soko la samaki la Feri, Kariakoo, stendi, wanapiga, wanaondoka. Wachuuzi wamechoka, ukiinua kamera wanakuuliza, "Unanipiga ukaniuze wapi?" Watu huwaona wajinga kwa swali hilo. Seydou Keïta alifungua studio Bamako 1948. Picha zake alizisafisha ukubwa wa sentimita 13 kwa 18, mteja anaondoka na yake, yeye anabaki na negativu. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York bila jina lake, kana kwamba mpiga picha hajulikani, naye yu hai, mji mzima unamjua. Baadaye alitafutwa, akapatikana, na zile negativu zikakuzwa kwa ajili ya kuta za makumbusho. Kama aliyeshika kamera alisahaulika kirahisi hivyo, mchuuzi wa Feri ana haki ya kuuliza. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitaja picha katika kazi zinazolindwa, na ni vizuri. Hiyo inamlinda mpiga picha. Aliyesimama mbele yake anategemea zaidi adabu ya aliyempiga.

Adabu tuliyofundishwa studio ilikuwa moja: mteja anaondoka na picha. Mpigeni mama wa samaki, mrudieni na picha mkononi, ya karatasi, aitundike au aichane. Kusafisha picha ndogo siku hizi ni hela ya soda. Mkiipeleka Ujerumani hiyo nyingine kubwa, mwambieni imekwenda Ujerumani, na mumwambie inauzwa bei gani. Atashtuka, mtabishana, na safari nyingine atawaruhusu au atawafukuza akijua anachokifanya.

Nanyi wa vituo vya utamaduni, fedha za maonyesho yenu zinapolipia vinywaji vya siku ya ufunguzi, tengeni kidogo mkodi vibanda vitatu vinne, Temeke, Buguruni, Manzese. Mlipeni DJ kama mnavyomlipa mzungumzaji wa ukumbini. Karatasi za maelezo hazitahitajika.

Kwa Bodi ya Filamu na manispaa, kwa heshima: tunaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Imerekebishwa, lakini ilizaliwa enzi za majumba ya sinema, televisheni Bara haijafika. Sidhani waliokaa kuiandika waliwahi kufikiria video ya viatu ya dakika tatu. Wekeni utaratibu mwepesi kwa kazi fupi zinazoonyeshwa usiku mmoja mahali penye leseni, tulipie kinacholipika na tupate karatasi kabla ya siku yenyewe. Kwa sasa kijana mwenye dakika tatu na mwenye muvi ya saa mbili wanaingia mlango mmoja, na yule wa dakika tatu ndiye asiyejua aanze na dirisha gani.

Ndugu yangu wa video ya kanga namkaribisha Tandika Jumatatu yoyote, benchi la mbele, bure. Aje na malalamiko yake yote, maiki ipo. Na yule aliyeitengeneza, popote alipo, ailete tuione, hasa akina mama wa genge, ambao wana mengi ya kusema juu ya namna ya kusuuza kanga. Kazi ziwe chini ya dakika kumi, na zije kwenye flashi, msinitumie WhatsApp zinafika zimevunjikavunjika. Mlangoni jero, nusu ya wenye kazi nusu yangu. Umeme ukikatika tutasubiri nusu saa, ukigoma mnarudi wiki ijayo kwa tiketi ileile. Jenereta naiwasha kwa ajili ya mpira tu.

Mzee wa Studio,
Tandika, Dar es Salaam